Makumbusho ya Nani?

London, 14 Oktoba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila baridi imeanza kutubana. Hofu yetu ni kwako, mguu unaendeleaje?

Jumapili niliwachukua mkweo Chausiku na mjukuu wako Mashavu tukaenda makumbusho. Ni bure, hawatozi hata senti, ndiyo maana nikaweza kuwatoa. Hapa hatuna pa kwenda, Mama. Jirani tunapishana naye mlangoni mwaka wa pili huu na jina langu halijui. Basi tulishinda humo, tukala mkate tuliofunga nyumbani, Mashavu akacheka siku nzima. Nikimaliza masomo Juni tunarudi.

Mwanao,
Rehani

Mnyuzi, 9 Desemba 1973

Mwanangu Rehani,

Marahaba, baba. Mimi mzima, mguu ndio huohuo, unanivuta nami nauvuta. Naandika kwa mkono wangu, matunda ya kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usicheke herufi.

Barua yako imenitia majonzi. Makumbusho ya nani? Mbona hukunitajia aliyekufa? Na mtoto akacheka msibani siku nzima, mama yake anamtazama tu! Mimi nimepika ubwabwa, nikamwita Mzee Hiza tukasoma fatiha. Tulipofika pa kumtaja marehemu tukakwama. Hiza akasema, "Taja Mzungu yeyote." Haya, niambie ni nani.

Mama yako

London, 20 Januari 1974

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Chausiku akaja kunitazama, kisha nikalia. Makumbusho niliyosema ni jumba wanamoweka vitu vya kale kwenye makabati ya vioo, watu wanapita kutazama. Hakufa mtu.

Ila kuna jambo sikukuandikia. Mashavu alicheka mpaka tulipofika kabati moja lenye ungo, kinu na kata ya kuchotea maji. Pameandikwa "Wazigua, Tanganyika". Nikamwambia, bibi yako anavyo hivihivi. Akauliza, "Bibi alikufa lini?" Nikamwambia bibi yu hai. Akasema, "Sasa mbona vitu vyake viko huku?" Tangu siku hiyo nikikutaja ananitazama kama namdanganya. Inaniuma, Mama. Juni atakuona mwenyewe.

Mwanao,
Rehani

Mnyuzi, 2 Machi 1974

Mwanangu,

Marahaba. Astaghafirullah! Mwambie Mashavu ungo wangu ninao, leo asubuhi nimepepetea mahindi. Kinu ninacho, kina pengo ukingoni pale ulipokiangushia shoka. Anayesema nimekufa aje tutwange wote!

Tunahamia kijiji cha ujamaa, karibu na reli. Maji yako jirani, siwezi kulalamika. Ila kaburi la baba yako linabaki kule shambani peke yake, na mimi huku peke yangu. Garimoshi la Tanga likipiga honi natoka nje kutazama, hata kama najua si siku yenu. Juni si mbali.

Mama yako

London, 28 Mei 1974

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzeje. Nimeongezewa mwaka wa masomo, Juni haitawezekana. Nisamehe.

Jumapili tulirudi makumbusho, Mashavu ndiye aliyeomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile kabati, akagonga kioo polepole, akasema, "Hodi, bibi." Mlinzi akamkataza kugusa. Mashavu akasubiri kidogo, kisha akaniambia, "Haitikii."

Mwanao,
Rehani

Mnyuzi, kijiji kipya, 7 Julai 1974

Mwanangu Rehani,

Marahaba. Hasira sina. Upweke ninao, sikufichi.

Ungo na kata nimetundika ukutani, kinu nimekiweka mlangoni. Mzee Hiza alipita akanitania, eti nimefungua makumbusho na mimi mwenyewe nimo ndani. Tukacheka sana. Alipoondoka nikabaki navitazama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, pale pa hodi nikawa nasimama. Jana nimeitikia. Nimesema, "Karibu, mjukuu wangu, karibu ndani," kwa sauti, mpaka jirani akachungulia kuona nimepata mgeni gani. Nikamwambia yuko njiani.

Masomo soma, baba, sikukatazi. Ila mwambie mtoto huku hakuna kioo wala mlinzi, ashike chochote anachotaka. Na wewe, kama mnakwenda kule kwa sababu ni bure, hata kwangu ni bure.

Mama yako,
niko hai