Kifungio cha Nne

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kukuomba msaada, na kama barua zimepanga foleni mezani kwako naomba uniruhusu nipite mbele, kwa kuwa mimi ni mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye daktari ameacha kumpangia tarehe ya kurudi, siku hizi ananiambia tu "tutaonana, mama," huku akiangalia pembeni.

Nilikuwa mpiga chapa. Natanguliza hilo kwa sababu kosa langu ni la mpiga chapa, na mtu ambaye hajawahi kunakili maandishi ya mwenzake huenda asielewe linavyotokea. Miaka hamsini na sita iliyopita niliajiriwa katika ofisi ya kikosi cha anga, kwenye uwanja mdogo uliokuwa na ndege sita za kivita za jeti, zile za mwanzo mwanzo, zenye mdomo wazi mbele kama samaki, tulizouziwa na watu waliokwisha kuzichoka. Mume wangu, ambaye siku hizo hakuwa mume wangu wala hatukuwahi kuzungumza zaidi ya kusalimiana, alikuwa fundi wa injini. Asubuhi moja alifunga kifuniko cha injini mgongoni mwa ndege, kifuniko chenye vifungio vinne, akampungia mkono rubani, aliyekuwa rafiki yake wa chumba kimoja, na ile ndege ikaanguka kabla haijamaliza kupinda mwisho wa uwanja. Rubani akafa.

Mchunguzi alikuja, akaandika taarifa kwa mkono, nikapewa niichape. Ilikuwa na sentensi mbili zilizofuatana ambazo nazikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Ya kwanza: "Vifungio vitatu vya mbele vimekutwa vimefungwa." Ya pili: "Kifungio cha nne, kilichookotwa mbali na vingine, nacho kimekutwa kimefungwa." Umeona zinavyoishia? Nilichapa ya kwanza, nikarudisha macho kwenye karatasi, jicho likatua kwenye neno la mwisho la sentensi ya pili likidhani ni la ile ya kwanza, nikaendelea na aya iliyofuata. Nakala tano za kaboni, safi, bila alama ya kufuta hata moja. Mchunguzi alitia saini bila kusoma kwa sababu alikuwa na safari, na kwa sababu, alisema mwenyewe akicheka, "huyu binti hakosei." Kamati ikasoma vifungio vitatu, ikajiuliza cha nne kiko wapi, ikajijibu kwamba fundi alikiacha wazi, upepo ukang'oa kifuniko na kifuniko kikapiga mkia. Walimuuliza mara mbili akasema alikifunga. Walipomuuliza mara ya tatu akasema, "Labda nilisahau." Siku alipofukuzwa, mama wa rubani alimngoja getini, akamuuliza mbele ya walinzi, "Ndiye wewe uliyesahau?" naye, sanduku mkononi, akajibu, "Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

Siku nne baadaye nilikuwa napanga majalada nikakutana na ule mwandiko wa mchunguzi, nikausoma, nikaiona sentensi niliyoiruka.

Nilijiambia nitasema kesho. Nilikuwa na mama mjane na wadogo watatu waliokula kwa mshahara wangu, taarifa ilikwisha kwenda juu, mkuu wetu alikuwa mtu wa kurusha majalada, basi kesho ikawa keshokutwa, na mwisho wa wiki nikasema heri nimwambie mwenyewe, yeye ataamua. Nikaenda kwenye chumba alichopanga, nikiwa na mkate chini ya kwapa na ule mwandiko kwenye mkoba. Alifungua mlango, akanitazama kama mtu aliyeletewa maji, akasema, "Watu wote wa uwanjani, ni wewe peke yako umekuja." Nilimkatia mkate. Wiki iliyofuata nikaenda tena kusema, nikamfulia shati. Baada ya miezi minane akaniuliza kama ningekubali kuolewa na mtu aliyeua rafiki yake. Nilikwenda kuungama, mshauri, nikarudi na mchumba.

Tumeishi vizuri, sitakudanganya. Alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani, watu wakamwamini. Ananiita Karani, namwita Fundi. Ila ndege ikipita juu yeye hutazama chini, na hafungi kitu chochote bila kuhesabu hadi nne: mlango, jiko, vifungo vya gauni la mtoto. Binti yetu alijua kuhesabu hadi nne kabla hajajua kusema "maji", na leo ni mwalimu wa hesabu. Tumelicheka hilo miaka mingi. Na jambo ambalo mume wangu amekuwa akiniambia tangu ujana, kila mara anapozidiwa, ni hili: "Wewe ulinipenda ukijua nimeua." Ndiyo nguzo aliyoegemea maisha yake yote.

Sasa sikiliza kilichonifikisha kwako. Miaka sita iliyopita binti yetu aliona dukani boksi la ndege ya kuunganisha, ya plastiki, urefu wake kama kiganja, na kwa kuwa alijua tu kwamba baba yake aliwahi kuwa fundi wa ndege, akamnunulia. Ilikuwa aina ileile. Nilidhani atalitupa. Alilitazama siku mbili, siku ya tatu akatandika gazeti mezani akaanza. Anakata vipande kwenye fremu kwa kikata kucha changu, anavisugua kwa tupa yangu ya kucha, anavishika kwa kibano, anatia gundi kwa ncha ya njiti. Maelekezo yanasema utie uzito puani, la sivyo ndege itakalia mkia, naye hutia skrubu kuukuu za cherehani. Hupaka rangi ya fedha, huloweka karatasi za alama za mabawa kwenye kisosi cha maji, hubandika zote. Hubaki kifuniko cha injini, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye vidoti vinne. Hapo huacha. Husema rangi imechuruzika, au bawa limepinda, naye huagiza boksi jingine. Ziko tatu kwenye rafu, zote mgongo wazi.

"Baba," binti yetu alimwambia siku moja, "hizi ndege zako zinaona joto? Mbona zote zimevua shati?"

"Zinapunga upepo, mwanangu," alisema, akacheka, akaenda kunawa mikono, na maji ya bomba yakamwagika muda mrefu sana.

Mwezi huu amefika pale pale kwenye ya nne. Wiki iliyopita, baada ya chai, aliivuta meza hadi kwenye kitanda changu.

"Karani, nibandikie wewe hiki."

"Mimi na gundi wapi na wapi, Fundi? Nitakubandika wewe."

"Sitanii. Mkono wangu ukifika hapa unagoma. Wako haujawahi kukosea kitu. Nataka nikione kimefungwa ukiwa ungali hapa, nami nipumzike."

Nilimwambia vidole vyangu havina nguvu, labda Jumapili ya mwisho wa mwezi. Alikiweka kile kifuniko kwenye kizibo cha chupa karibu na dawa zangu ili nisikisahau. Kila nikinywa dawa nakiona.

Ule mwandiko ninao. Umo chini ya kitambaa cha ndani cha sanduku la mashine yangu ya kuchapa, mashine ambayo yeye mwenyewe ameitia mafuta kwa mikono yake kila mwaka tangu tuoane. Ninachokuuliza ni hiki. Nikinyamaza, nitakifunga kile kifuniko kwa uongo na nitamwacha amalizie uzee na hatia ya damu asiyoimwaga. Nikisema, nitampa kifungio chake lakini nitamnyang'anya yule mwanamke aliyempenda akijua ameua, na hana mwingine, na mimi nitakufa nikiwa nimegeuziwa mgongo. Nimefikiria njia ya kati, kwamba nimwachie binti yetu bahasha aifungue nikishazikwa. Binti atajua la kusema, ana elimu. Au haya ni mambo ya zamani ambayo mtu mwenye busara angeyaacha yalale? Niambie, nitafuata. Nimeichapa barua hii mwenyewe kwa siku tano, kila mume wangu anapokwenda duka la dawa.

Karani

*

Shikamoo, mama Karani.

Nimekupitisha mbele ya foleni. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikitafuta kosa la chapa. Halipo. Hivyo naanza na hilo: mkono ulioweza kuchapa kurasa hizi una nguvu ya kushika kipande cha plastiki kama ukucha. Ulipomwambia vidole havina nguvu, ulimdanganya tena. Nakuonea huruma, tena sana, lakini umeniomba ushauri na umri wako haunizuii kukugombeza.

Kuruka mstari si dhambi. Binti wa miaka ishirini na mitano, amechoka, maneno mawili yanafanana, jicho likateleza. Yule mchunguzi aliyetia saini akiwaza safari yake ana sehemu yake, na kamati iliyojijibu yenyewe ina sehemu yake. Kwa siku nne za mwanzo sina neno nawe. Nina neno na miaka hamsini na sita iliyofuata. Mwanamume amehesabu hadi nne mbele ya macho yako maelfu ya mara, na kila mara wewe ulijua jibu. Usiite hilo kosa la mpiga chapa.

Unasema ukimwambia utamnyang'anya mwanamke aliyempenda akijua ameua. Mama, mwanamke huyo hakuwahi kuwapo. Aliyekuwapo ni mwingine, aliyempenda akijua hakuua. Hujui kama huyo wa pili hatamfaa, kwa sababu hujawahi kumkutanisha naye. Na nikuambie kwa upole kitu ambacho nadhani unakijua: unachoogopa hasa si yeye kubaki bila nguzo. Unaogopa kufa bila mkono wake. Ni hofu ya haki, hata mimi ningekuwa nayo. Lakini umeniuliza kuhusu yeye.

Ile bahasha ichane. Ukimwachia binti yako, atalazimika kumpa baba yake habari hiyo mbele ya kaburi lako, naye mzee hatakuwa na mtu wa kumuuliza, wala wa kumfokea, wala wa kumsamehe. Utakuwa umemkimbia mara ya pili. Na usiniambie yalale. Hayajalala. Yako matatu kwenye rafu, la nne liko kwenye kizibo karibu na dawa zako.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumapili uliyomwahidi. Mwite binti yako aje, mwambie kuna jambo zito kati yako na baba yake, akae jikoni asiingie hadi aitwe. Chagua saa ya asubuhi ambayo dawa imekutuliza na kichwa ni chepesi. Mwambie mume wako akuletee sanduku la mashine, na uutoe ule mwandiko mwenyewe, mbele yake, ili aone ulikokuwa. Sentensi yako ya kwanza isiwe juu yako. Usianze na "nisamehe", usianze na "nilikupenda". Sema: "Fundi, kifungio cha nne kilikuwa kimefungwa. Ulikifunga." Kisha nyamaza. Mwache akihesabu. Hilo ni lake, amelisubiri tangu ujana, usimwingilie. Akiinua macho na kuuliza umejuaje, hapo ndipo ueleze yako, yote, pamoja na mkate na mkoba.

Sikuahidi kitakachofuata. Huenda atalia, huenda atatoka nje akae huko kutwa. Usimtume binti amfuate. Huenda akarudi amekuwa mgeni kwako siku zote zilizobaki, nawe itakubidi ulale kitandani hapo upokee dawa kutoka kwenye mkono usiosema kitu. Kama itakuwa hivyo, kubali. Akitaka kuwatafuta ndugu wa rubani, au kupeleka karatasi ile kwa wakubwa wa kikosi, asizuiwe, na binti yenu amsaidie kuandika.

Kile kifuniko usikibandike. Mrudishie mkononi. Atakifunga mwenyewe siku yake, au ataiacha ndege ipunge upepo. Si kazi yako tena.

Kisha vaa miwani, mama, weka kidole juu ya maandishi, umsomee taarifa nzima kwa sauti, pole pole, tangu juu mpaka chini. Safari hii usiruke mstari.