Ngitili ya Masanja

Bariadi, Jumanne usiku

Nimeipoteza Migato. Ulikuwa mji wa mpakani katika gemu ya vita ya marehemu mume wangu. Miji yote aliipa majina ya huku kwetu, na tangu tumzike Masanja ni mimi ninayeilinda.

Mchana niliona pengo mpakani lisilo na askari. Nikadhani alisahau, nikalipeleka huko jeshi la Migato. Kompyuta ikaingia Migato bila kupigana.

Limbu, mdogo wake Masanja, akacheka. "Shemeji, umelisha ngitili ya kaka, malisho yake ya akiba, kabla ya kiangazi! Majani yale, yaani lile pengo, aliyatunza makusudi. Adui akiyafuata, jeshi la Migato linamfungia nyuma."

Jioni zote zile Masanja alipokuwa akicheza, nilikaa pembeni yake nikichambua mchele, wala sikujua.

Aliponiona nalia, Limbu akaacha utani. "Pole, shemeji. Turudi pale kaka alipohifadhi mchezo mwenyewe."

Akabonyeza. Migato ikarudi, askari wakasimama mahali pao, pengo likawa wazi tena. Kila kitu kikawa kama alivyokiacha kabla ya kwenda hospitali.

Nikajikuta nasikilizia mlango wa nje. Kama vile angeingia, avue viatu, aniambie nimpishe kiti…