Shikamoo Barazani

Dar es Salaam, Jumanne. Asubuhi mvua nyepesi, joto halipungui.

Shikamoo Baba. Wale wa huko nyumbani Kinyangiri waliosema wanafunzi wangu watafukuzwa wakienda kutazama kikao cha Baraza la Kutunga Sheria, naomba uwasomee kadi hii.

Wajumbe walipoingia kimya, watoto wote walisimama kwenye viti vya watazamaji: "Shikamooni!" Askari wa mlangoni akanijia mbio.

"Mwalimu, wakalishe au mtoke!"

"Kwetu mtoto hakai kabla mkubwa hajaitikia," nikamwambia. "Wala hatutoki."

Nikasimama nao. Wajumbe Wazungu wakatutazama. Ndipo mjumbe mmoja mzee, Mwafrika, akageuka. "Marahaba, wanangu. Kaeni."

Tukakaa, tukasikiliza mpaka mwisho.

Mama mwambie kanga yake nimeipata. Mlale salama; mimi nalala sasa, saa tatu na robo usiku.

Mwanao, Eliwaza