Mnadi Aliyenyweshwa

Jumapili, 22 Septemba 2024

Bado siku tisa. Chombo cha kuzuia mkojo kiko ndani lakini kimefungwa. Daktari alisema kidonda kipone wiki sita kwanza, ndipo akiwashe. Yaani nimekatwa, nimeshonwa, na bado navuja! Leo pampasi nne. Ibada nimeisikilizia redioni tena.

Miaka miwili tangu watoe tezi dume na saratani yake. Saratani ilikwenda, mkojo nao ukakosa mlango. Nikikohoa, unatoka. Nikicheka, unatoka. Na kazi yangu mimi ni kupaza sauti! Mnadi wa ng'ombe miaka ishirini na sita, mnada wa Jumatano. Hakuna dume lililotoka zizini pale bila sauti yangu.

Siandiki haya kwa kujihurumia. Naandika nisisahau hata neno moja. Siku ile niliporudi mnadani baada ya upasuaji, nilipofika kwenye "mara ya tatu!" suruali ya kaki ikalowa mpaka magotini. Josephat — niliyemfundisha mwenyewe, niliyempa kipaza sauti akiwa hajui hata kutaja rangi za ng'ombe kwa Kisukuma — akakichukua mkononi mwangu. Nikadhani ananisitiri. Akasema: wanunuzi msishangae, mnadi wetu naye kanyweshwa kabla ya kupanda mizani!

Mnada mzima ukacheka. Kila mtu pale anawajua wachuuzi wanaowalambisha ng'ombe chumvi, kisha wanawajaza maji ili uzito upande. Tangu siku hiyo jina langu ni Kanyweshwa. Hata sokoni Mkuyuni nimeitwa hivyo na muuza nyanya nisiyemjua hata kwa sura.

Atalipa.

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Kimewashwa!

Dokta Najat ni binti wa rika la mwanangu wa mwisho, na hana haya hata kidogo. Alieleza huku akinishikisha mwenyewe. Ndani kuna pete laini imeubana mrija wa mkojo. Pampu ndogo iko kwenye korodani, upande wa kulia, ukiigusa unaisikia. Ukitaka kukojoa unabonyeza mara kadhaa, pete inalegea, mkojo unatoka. Dakika mbili tatu, pete inajikaza yenyewe. Basi! Nikauliza, na nikipiga kelele? Piga, akasema. Nikapiga pale pale: Mara ya kwanza! Mara ya pili! Muuguzi akaja mbio.

Kavu.

Modesta alilia kwenye bajaji mpaka tukafika nyumbani Buswelu. Mke wangu huyu amefua shuka zangu miaka miwili bila neno. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza Jumatano ijayo nitavaa nini.

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Nimekohoa kwa makusudi mara kumi. Tone moja. Nimenyanyua ndoo ya maji. Hakuna kitu. Modesta anasema nimekuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Mnadani! Nimevaa suruali ya kijivu hafifu, ile inayoonyesha hata jasho. Makusudi. Nikasimama karibu na jukwaa tangu saa tatu mpaka saa saba, sikuketi. Josephat, ndiye mnadi siku hizi, aliponiona alikwama katikati ya bei. Watu walimwuliza: ngapi? ngapi?

Halafu kituko. Kashindye mchuuzi wa ng'ombe akanivuta pembeni, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Ni kweri wamekuwekea pampu? Huko chini?"

Nikasema kweli. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza, na mama anaionaje? Sikuelewa. Alipokonyeza ndipo nikaelewa — wanadhani pampu ni ya nguvu za kiume! Modesta aliwaambia wanawake wenzake mume wangu kawekewa pampu, akaona aibu kuendelea. Wao wakajazia wenyewe.

Nilitaka kumsahihisha. Kisha nikaona Josephat ametega sikio. Nikajibu kwa sauti ya mnada: mama hana malalamiko!

Hadi narudi nyumbani, nimeshaitwa Mzee Pampu mara tatu. Jina hilo nimelipenda.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Josephat kaja nyumbani. Mchana kweupe, na shati la kanisani!

"Shikamoo, mzee wangu."

Mzee wangu! Miaka miwili hajanipa shikamoo. Marahaba niliichelewesha mpaka akajikalisha mwenyewe.

Akazungukazunguka. Bei ya madume, mvua, barabara. Mwisho akatoboa: mambo ya chumbani yamelala. Gladness, mkewe, amehamia chumba cha watoto. Anataka pampu. Mbavu ziliniuma kwa kubana kicheko, na suruali kavu! Nikamwambia aeleze yote, asifiche. Nilikuwa nalifurahia kila neno.

Akaeleza. Mkojo hauji mpaka asimame na kusukuma. Kiuno kinamuuma, maumivu yako ndani kwenye mfupa. Mara mbili ameona damu, lakini anadhani ni unga wa mitishamba anaonunua kwa machinga wa Nyegezi. Eti unasafisha.

Furaha ikanikauka. Maneno hayo nayajua. Ndiyo niliyomwambia daktari mimi, karibu vile vile, na siku ile daktari hakucheka wala hakuniruhusu kurudi nyumbani.

Ningeweza kusema: Josephat, hapo hakuna habari ya nguvu, nenda kapime tezi dume, nenda leo. Sentensi moja. Nikasema: kwanza Jumatano uniombe radhi kwa kipaza sauti kile kile, mbele ya watu wale wale. Ndipo nikupe daktari.

Akakubali haraka mno. Nilitaka abishane kidogo.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Ibadani, benchi la mbele. Mahubiri yalikuwa ya kusamehe. Sijui nani alimdokeza mchungaji.

Habari ya damu sijamwambia Modesta. Angemfuata Josephat hata kabla ya kuvaa viatu. Ni siku tano tu. Mtu hafi kwa siku tano. Mimi nilikaa miezi saba ndipo nikaenda, na niko hapa.

Nimeyasoma hayo mara mbili. Sikuyafuta.

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Kafanya! Alisimamisha mnada, akakohoa kwenye kipaza sauti. Akasema yeye Josephat alimvunjia heshima mwalimu wake, kwamba ugonjwa hauna mwenyewe, kwamba anaomba radhi. Akapiga goti kwenye samadi. Watu wakapiga makofi. Kisha akanikabidhi kipaza sauti nikauza madume sita mfululizo, sauti yangu ile ile, hakuna hata tone.

Nikangoja utamu. Ulikuja robo saa. Nilipotazama vizuri hakuna aliyekuwa anamcheka. Waliguswa! Kashindye alimkumbatia, eti Josephat ana moyo wa kiungwana. Mimi siku yangu ile nani hakunicheka? Nani alinikumbatia? Nimempandisha cheo kwa mkono wangu mwenyewe! Nilitamani anyang'anywe kitu, kitu asichoweza kurudishiwa kwa makofi.

Baadaye alikwenda nyuma ya lori kujisaidia. Alikaa sana. Akarudi ameshika kiuno, anatabasamu.

Sasa saa kumi na nusu. Kanifuata mpaka nyumbani kuchukua alichoahidiwa. Yuko barazani, Modesta kampa chai na viazi, wanacheka. Huyo mke wangu ameshamsamehe! Shati linampwaya shingoni. Nilikuwa sijamtazama vizuri siku zote hizi.

Nimeingia chumbani, nimesema natafuta namba ya daktari. Haijapotea. Iko kwenye simu, simu iko hapa juu ya daftari. Nikimpa, na nikimwambia ataje damu kwanza, kesho asubuhi ataonwa. Nikimwambia imepotea, rudi wiki ijayo, atarudi. Na wiki nyingine atarudi pia, na shikamoo yake, na shati lake la kanisani. Atarudi kila nikimwambia arudi. Hajui kinachomla. Ninayejua ni mimi peke yangu, na nasema wazi hapa pasipo na msomaji: ni tamu.

Nimeigeuza simu, kioo chini. 

Modesta anaita: "Baba Elias! Umeipata?"

Nimejibu: bado.

Na Josephat huko nje, mdomo umejaa viazi: "Usihangaike, mzee wangu. Mimi sina haraka. Nasubiri."