Sweta Aliyoondoka Nayo Adeke

Mjukuu wangu Amoit,

Huku Malaba tu wazima, na mbuzi wako amezaa. Unauliza kwa nini shule zilazimishe sare.

Nilipokuwa msichana wa shule, rafiki yangu Adeke alivuka mpaka kila asubuhi kutoka Uganda kuja kusoma nasi. Siku moja sare yake haikukauka, akaja na gauni la nyumbani. Nilikuwa nikimngoja mpakani, askari akamzuia: "Wewe mama, unauza nini huku?"

Nikavua sweta yangu ya buluu ya shule, nikamvisha. "Afande, huyu ni wa darasa letu."

Akacheka. "Haya, mwanafunzi, kimbia! Kengele italia."

Hakumuuliza kwao ni wapi.

Familia yake ilipohama, Adeke alienda na sweta ile. Hadi leo watoto wa sweta za buluu wakipita, natazama mwendo wa kila mmoja, nikitafuta mwendo wa Adeke.

Ukija likizo, shuka garini ukiwa na sare yako.

Nyanya yako