Marahaba ya Seva

Mjomba Masanja,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kukuandikia bila kukuamkia nimeshindwa.

Sisi wazima. Kaburi lako Misungwi limeshajengewa. Mkeo Mama Kulwa amerudi dukani kwake Mabatini. Anaongea kidogo na anauza kama kawaida.

Ninalokuandikia ni la ofisini. Skripti yako iligoma wiki ileile tuliyokuzika, ile programu ndogo uliyoiandika ipakue picha za ziwa za kutoka angani kwenye seva ya mbali kila alfajiri, ili tukifika kazini tuwaambie wenye boti ni mwalo gani wa kuegesha boti umezibwa na magugu maji. Tulidhani ni mtandao. Kumbe ilikuwa inaingia kwenye seva kwa jina lako, na wenye seva waliposikia msiba wakalifunga. Walifanya sahihi, ila skripti nayo ikabaki nje.

Tukarudi kupakua kwa mkono, picha moja moja, mtandao ukikatika unaanza upya. Tukija kumaliza, boti zimeshaondoka. Moja ilinasa kwenye magugu hadi mchana, na ndani yake mama mmoja alikuwa anampeleka hospitali mtoto mwenye homa kali. Mtoto alipona. Bosi akasema skripti ifutwe, atafutwe mtu wa nje atengeneze nyingine. Nikamwomba aniachie hadi asubuhi.

Nikaifungua. Mjomba, mle ndani umo mzimamzima, na maelezo yako ya kununa: "Usiguse hapa." "Subiri, seva imezeeka." Na ule utani wako: ikianza inaandika "Shikamoo seva", na picha zote zikishafika kamili ndipo inapoandika "Marahaba". Ofisi nzima tulizoea hivyo. Anayewahi kufika anaulizwa, "Marahaba imekuja?" Kama haijaja, hakuna anayepiga simu mwaloni.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kufuta jina lako na kuweka langu. Nilienda kunywa chai kwanza. Niliporudi nililifuta herufi moja moja, ingawa ningeweza kuliondoa lote kwa mkupuo. Hapo ndipo nilipolia. Makaburini sikulia, na ndugu walinishangaa.

Asubuhi niliwahi. Kiti chako bado kiko pale dirishani. Nikasema shikamoo kama kila siku, mdomo tu ulishazoea, kisha nikawasha skrini ya kompyuta. Picha zote zilikuwa zimeshuka. Chini yake paliandikwa Marahaba.

Ndipo nikapiga simu mwaloni.

Bosi hazungumzii tena mtu wa nje. Jina langu nalo litafutwa siku moja, na atakayekuja nitamfundisha kila kitu, hata namna ya kuniondoa. Salamu yako haitaondolewa, hilo nakuahidi. Juu ya mstari ule nimeandika onyo lako mwenyewe: "Usiguse hapa."

Pumzika, Mjomba. Ngoja niwapigie wa upande wa Magu kabla boti hazijatoka.

Mpwa wako,
Neema