Meza Nyeusi, Meza Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeuza nne! Mimi peke yangu, meza ya tableti Nyeusi. Chibonge wa meza Nyeupe kauza tisa, lakini Nyeupe zinajiuza — hata ukisimamisha ufagio pale utauza. Mimi nauza kwa mdomo. Shule niliiacha kidato cha pili, mdomo nikaondoka nao.

Meneja kapita na karatasi. Katika kila tableti kumi zinazotoka duka hili, Nyeusi zisipofika tatu mpaka Jumamosi jioni, meza inaondolewa. Nikamuuliza, na mwenye meza je? Kaangalia saa, kaenda zake.

Ya nne nimemuuzia bibi mmoja, miwani mizito kama vitako vya chupa. Anataka kumwona mjukuu wake kwa video, yuko ng'ambo na mama yake. Kauliza, wao wana Nyeupe, tutaonana? Nikamwambia hizi ni ndugu, Bibi, zinaongea! Uongo mtupu. Simu ya video ya Nyeupe inapokea Nyeupe tu. Kampuni zimefungiana milango.

Jumanne, 4 Machi

Mbili. Meneja hataki soga meza kwa meza, eti sisi washindani. Mwezi uliopita Chibonge alikuwa upande wangu, tunakula sahani moja. Wakamhamisha. Sasa nakula nimeyageukia maboksi. Nayapigia vichekesho, hayacheki. Washamba!

Jumatano, 5 Machi

Bibi kaja. Kaniita mjukuu wake, kasema tableti haipigi. Nikasema mtandao, Bibi. Ili asiulize zaidi nikamfundisha kuchora kwa kidole. Kachora kuku, nikamwambia kiatu kizuri hicho. Kacheka mpaka kavua miwani! Kakaa saa nzima kwenye kiti changu, mimi nimesimama. Kaniuliza nimekula nini. Tangu nihamie mji huu hakuna aliyeniuliza hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja tena. Mtandao tena. Nilianza kuchungulia mlango asubuhi — na si kwa ajili ya wateja.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuja. Nimejipiga picha arobaini kwa tableti ya maonyesho. Sura ipo, tusidanganyane. Ila zote arobaini nyuma yangu ni ukuta.

Meneja: uko kwenye tatu kamili kwa kila kumi, usipoteze hata moja. Ikirudishwa inafutwa kwako.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi. Naandikia stoo, nimekalia boksi.

Bibi yuko mezani. Kavaa vizuri, kajipaka mafuta. Kesho mjukuu anatimiza miaka mitano, wamepanga watapigiana asubuhi. Kaniuliza, kijana, kesho mtandao utakuwepo?

Mdomo wangu — huu huu mdomo! — ukasema ngoja nicheki kitu stoo.

Risiti yake ninayo mkononi. Ina siku saba za kubadilisha, leo ya sita, kesho duka limefungwa. Nikimpeleka kwa Chibonge, dakika kumi tu anaondoka na Nyeupe, mimi nabaki chini ya tatu. Nisipompeleka, asubuhi atakaa mbele ya kioo cha tableti na mafuta yake usoni. Na akishapata Nyeupe, atakuja kwenye meza hii kufanya nini?

Chibonge kachungulia mlangoni. Kasema, Bibi yako anakuulizia, anasema usiwe na haraka, atangoja.

Nimemwambia nakuja. Bado nimekaa.